Kofia ya Viua Siku Jua Lilipopatwa

Inasimuliwa kutoka kwa wazee wetu, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja mdogo wa mawe, kaskazini mwa pwani, aliishi mja mwema akiitwa Maalim Shekuwe. Alisomesha Kurani miaka arubaini, na hakuwa na kitu cha kurithiwa ila mswala, jozi ya makubadhi na binti mmoja, Bi Somoe. Huyu Bi Somoe alidarizi kofia za viua, zile nyeupe zenye vijitundu tele vilivyozungushiwa uzi, na kofia hizo ndizo zilizoilisha nyumba. Siku hizo, ndugu zangu, kofia moja ilishonwa miezi mitatu na mwenye kuiagiza alingoja bila kununa. Sisi leo tunanuna chai ikichelewa kuchemka.

Bi Somoe alikuwa na kumbukumbu moja aliyoipenda kuliko zote. Alipokuwa na umri wa miaka saba, jua lilipatwa mchana. Mji mzima ulitaharuki, watu wakatwanga vinu vitupu na kupiga masinia ili kulifukuza giza, naye akajificha uvunguni mwa kitanda. Babake akamtoa taratibu, akampeleka uani, akamwonya asitazame juu asije akaunguza macho. Kisha akavua kofia yake na kuishika juani juu ya mchanga. Lahaula! Katika kivuli cha kofia, kila kijitundu kilikuwa kimeangusha mwezi mwandamo wa mwanga, mdogo kama kipande cha ukucha, na yote imeelekea upande mmoja kama watu kwenye safu ya swala. Mtoto akasahau hofu. Akaanza kuiokota kwa vidole, na kila akifumbua ngumi anakuta haina kitu. Maalim alicheka mpaka akafuta machozi, halafu wakatawadha wakaswali. Miaka hamsini baadaye Bi Somoe bado aliweza kukisikia kicheko kile, na ubaridi wa mchanga chini ya nyayo zake.

Siku hazigandi. Maalim akazeeka, akaugua wa kulala kitandani, na dari la nyumba likaanza kuvuja. Bi Somoe naye macho yalikuwa yanampungua, uzi akiutunga kwa kupapasa. Asubuhi moja jua lilimpiga mgonjwa usoni kupitia kidirisha chembamba, ndipo bintiye akakiziba kwa kitambaa cha kofia alichokuwa akikidarizi. Mwanga ukapenya kwenye viua, ukaangusha vidoa vya mviringo juu ya shuka. Maalim alivitazama kitambo, kisha akamwambia kwa sauti ndogo kwamba vidoa vinaliwa.

Kweli vilikuwa vinaliwa, vyote, upande mmoja. Bi Somoe akampelekea habari jirani, jirani akakimbilia msikitini, na watu wakaitwa kwenye swala ya kupatwa kwa jua. Maalim aliswali palepale kwa ishara ya macho. Shuka ilipojaa miezi miandamo, aliinua kiganja kilichokauka, mmoja ukamwangukia, akamtazama bintiye kwa utani.

"Leo huokoti?"

Bi Somoe, mwanamke wa miaka hamsini na saba, akainama akaokota mwanga kwenye shuka ya babake, na wote wawili wakacheka. Nyie, kuna kucheka kunakouma kuliko kulia! Miezi ikaanza kunenepa polepole, mpaka vidoa vikawa mviringo tena juu ya kifua cha mzee. Akasema, "Alhamdulillahi, limerudi zima." Akatamka shahada, na roho ikatoka.

Msikitini watu walikuwa wamerefusha swala na hotuba. Walipotoka wakasikia kilio, na kabla jeneza halijafika makaburini mji ulikuwa umeshakata shauri: jua liliingia giza kwa kufa Maalim.

Siku ya tatu ya matanga, Khatibu Mselem alikuja na wazee. Khatibu huyu alisoma alifu kwa Maalim na alimpenda kama baba. Wakakaa barazani, Bi Somoe akawa nyuma ya pazia. Wakamweleza kwamba mawe na chokaa vimeshakusanywa, kaburi litajengewa kuba, yeye atakuwa mwangalizi wake, ale sadaka za wanaozuru, na hatalala njaa tena. Dari lake litatengenezwa kwanza. Kilichobaki ni ushahidi wake tu, maana ndiye pekee aliyekuwa na marehemu: aseme kwamba alikata roho jua lilipokuwa gizani, iandikwe.

Dari lilimshawishi Bi Somoe, tusidanganyane, kwani ndoo ilikuwa pembeni yake ikingoja mvua. Lakini lililomchoma zaidi ni babake. Miaka arubaini ya kusomesha watoto wa watu, leo yuko chini ya mawe mawili ya matumbawe, na miaka ishirini ijayo mbuzi watakuwa wanalala juu yake. Neno moja tu, "naam," na jina lake lingedumu. Alilitaka neno hilo kwa moyo wake wote.

"Khatibu," akasema mwishowe, "babangu alikufa jua likiwa zima."

Wazee wakatazamana. Khatibu akamjibu kwa upole kwamba msiba huchanganya akili, pengine amesahau. Alikuwa anamfungulia mlango wa kubadili neno, maskini, na kwa mapenzi.

Bi Somoe akakitoa kile kitambaa chini ya pazia, akawaomba wakishike juani juu ya sakafu ya baraza. Wakakishika. Vidoa vikaanguka sakafuni, mviringo vyote.

"Vilikuwa hivi juu ya kifua chake alipokata roho. Nanyi mmesoma kwake. Aliwafunza nini kuhusu jua na kufa kwa watu?"

Khatibu Mselem, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, akaanza kusoma kwa sauti ileile ya chuo cha Kurani, akiyumbayumba kama walivyoyumba zamani juu ya mbao zao za kuandikia: kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amefundisha kuwa jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu, na hazipatwi kwa kufa mtu yeyote. Alifika mwisho akilia. Somo hilo alilisoma kwa Maalim akiwa na miaka kumi, na kwa kumpenda Maalim akalisahau.

Kuba halikujengwa. Mawe yalitengeneza birika la msikiti, na masika yale dari la Bi Somoe lilivuja kama kawaida. Akakivuta kitanda kwenye pembe kavu, akaendelea na viua vyake.

Ndugu zangu waumini, kumpenda mja mwema ni kuyashika aliyofundisha hata yanapompunguzia sifa. Kaburi la Maalim Shekuwe halijulikani liko wapi. Lakini husemwa kwamba katika mji ule, jua likipatwa, mama huchukua kofia ya mumewe na kuishika juani juu ya mchanga, na mtoto akiokota akafumbua ngumi tupu, huambiwa kwamba hapo ndipo Maalim alipocheka.