Mtoto Aliyeshuka kwa Ekseli ya Tela

Sogeeni, na mwenye neno lake alimeze kwanza, maana mwisho nitawadai jibu, na jibu la kubabaika silipokei.

Huko Usambara, kwenye kijiji kilichojishika ubavuni mwa mlima, walikuwepo watu watatu wenye vipaji. Mama Kupaza, mkulima wa kabichi, hakutupa kitu: chuma ambacho wewe ungekiita taka, yeye alikipatia kazi. Fundi Singano alikuwa mchomeleaji. Vyuma viwili vikikataana, yeye ndiye aliyevipatanisha. Na mzee Kaniki, dereva wa basi mstaafu, aliijua barabara ya mlima ule kwa makalio yake, kona kwa kona. Ila alikuwa ameapa kutoshika tena usukani, tangu basi lake lilipoacha njia na abiria wakaumia.

Katikati yao yupo Kibanga, mwenye gari. Kipaji cha Kibanga ni wasiwasi. Huyu ni mtu wa kufunga mlango, akafika njiani, akarudi kuutikisa. Babu yake alimwachia gari, Kotina nyeupe ya zamani, iliyobeba maharusi wa kijiji kizima, naye aliipangusa kuliko alivyojipangusa mwenyewe.

Mwaka huo mkewe, Zuena, alikuwa na mimba ya kwanza. Mkunga alimpapasa tumbo, akampapasa tena.

"Mtoto amekingama," akasema. "Huyu hazaliwi hapa. Mpeleke hospitali ya bondeni mapema. Na usimpakie kwenye pikipiki wala tela, mtikisiko utawamaliza wote wawili."

Sasa sikieni mkosi. Mvua ilikuwa imeporomosha mlima, barabara ya mjini imezibwa, na mabasi pamoja na gari la wagonjwa vimekwama ng'ambo. Upande huu, ilipo hospitali ya bondeni, lilibaki gari moja tu, Kotina. Nayo ilikuwa imekalishwa juu ya matofali. Kibanga, kwa kuhofia mzazi atakosa chakula, alikuwa ameijaza magunia ya maharage akapanda nayo mlima, na ekseli ya nyuma, mhimili wa magurudumu, ikakatika. Gari la maharusi, unalibebesha magunia. Kibanga alilala uvunguni mwake akalia, na mimi simfichi.

Akaja Mama Kupaza. "Mwanangu, tela langu linatembelea ekseli ya pikapu, na difu lake, lile bonge la gia la katikati, limo, zima. Chukua."

"Na kabichi zako, mama?"

Kabichi zilikuwa zimeshakatwa, zinasubiri punda na tela lizipeleke gulioni. Mama Kupaza aliziangalia, kisha akaangalia pembeni. "Zitaoza. Nitapanda nyingine."

Kibanga akazidiwa, mdomo ukatangulia akili. "Mama, Mungu akitujalia, siku ya arobaini wewe ndiye utakayemtoa mtoto nje."

Si ahadi ndogo hiyo. Kwao, anayemvusha mtoto kizingiti mara ya kwanza humwachia tabia yake, na huwa mzazi wake wa pili mpaka kaburini. Nafasi ni ya mtu mmoja, haina ubia.

Akaja Fundi Singano na futi yake. Ekseli ya pikapu ilikuwa ndefu kuliko ya Kotina, vikalio vya springi havikutani, na breki zake zilishang'olewa siku nyingi. Waliosimama kutazama wakasema haiwezekani. Singano akasema, "Chuma hakikatai, anayekataa ni mtu," akajitia uvunguni matopeni. Vikalio alivikata akavisogeza ndani, na difu akalielekeza sawasawa, maana likipinda kidogo tu, propela, mhimili unaoleta nguvu ya injini nyuma, lingegonga njia nzima. Kioo chake cha kuchomelea kilikuwa kimevunjika, na cha kununua hakuna, njia imefungwa. Akachomelea macho makavu. Alipomaliza macho yalikuwa yamevimba, hayaoni, mkewe akamlaza na kuyabandika vipande vya kiazi kibichi.

Kibanga akamshika mkono. Mdomo wake ukamponyoka tena. "Fundi, mtoto utamtoa wewe."

Kotina ikasimama kwa magurudumu yake, mkia juu, kwa sababu matairi ya tela ni makubwa. Kibanga akaijaribu uani. Breki ni za mbele peke yake, wasiwasi umempanda, akalibomoa banda la kuku. Na ndani Zuena alikuwa ameshika mwimo wa mlango, uchungu umeanza. Kibanga akakimbilia kwa mzee Kaniki.

"Nimeapa, Kibanga."

"Najua, mzee."

Kibanga akageuka aondoke. Kisha mzee akainuka, akavaa koti lake la udereva. "Kiapo changu nitakijibu mwenyewe mbele ya Mungu. Twende."

Na Kibanga, msimcheke, akasema, "Mzee, wewe ndiye utakayemtoa mtoto nje."

Wakashuka kwa gia ya kwanza. Difu la pikapu lilikuwa la kuvuta mzigo, injini ikalizuia gari lisikimbie, likanguruma huku likitambaa. Kibanga alikuwa nyuma na mkewe, sikio kwenye kila mlio. "Hiyo nini? Mzee, hiyo nini inagonga?"

"Moyo wako. Nyamaza."

Kaniki alizitaja kona kwa majina, moja baada ya nyingine. Walipofikia ile iliyomeza basi lake, akaacha kutaja. Jasho likamdondoka kidevuni, lakini usukani haukucheza. Zuena aliubana mkono wa mumewe mpaka ukafa ganzi. Wakafika. Madaktari wakampasua, na mtoto wa kike akalia.

Arobaini ikatimia. Kibanga alikuwa hajalala vizuri tangu hospitali, na asubuhi hiyo akawaona wanapanda njia wote watatu, kila mmoja amevaa nguo ya sikukuu.

"Nimekuja kwa ahadi yangu," akasema Mama Kupaza. "Bila ekseli yangu, fundi angechomelea nini?"

"Mama, ekseli yako ilikuwa ya kabichi," akasema Singano, macho bado mekundu. "Mimi ndiye niliyeifanya ya mtoto."

Mzee Kaniki akavua kofia. "Gari la breki nusu ni jeneza. Nami nilivunja kiapo."

Wakamtazama Kibanga. Kibanga akamtazama mkewe. Zuena akamweka mtoto mikononi mwake, akasema taratibu, "Mume wangu, mtoto ni wetu, lakini ahadi ni zako."

Basi Kibanga yuko pale, kizingitini, mtoto mikononi. Mbele yake mikono ya watu watatu imenyooshwa: mmoja alitoa riziki yake, mmoja macho yake, mmoja kiapo chake. Kila mmoja aliahidiwa, na ungemtoa mmoja wao, mtoto huyu asingekuwepo. Jua linapanda, na mtoto ameanza kukunja uso.

Je, wewe ungemweka mikononi mwa nani? Na wale wawili watakaoteremka na mikono mitupu, ungewatazamaje usoni?