Beseni la Madaftari

Hapo zamani, wala si zamani za majini na wafalme, ni zamani hii ya juzi tu, mvi nikiwa nimekwisha kuota, palikuwa na skuli ya msingi kando ya bahari, mashariki ya Unguja. Nisikilizeni vizuri, maana mwisho nitakupeni kazi. Asiyetaka kazi na aende zake sasa hivi.

Skuli hiyo ilipata mwalimu mgeni kutoka Dodoma, Mwalimu Chilewa. Bahari alikuwa akiijua kwenye ramani tu, lakini moyo wake ulikuwa mkunjufu. Akasema, "Mtoto anakaa hatua mia kutoka baharini, halafu nimchoree kaa ubaoni? Haiwezekani!" Akalitoa nje darasa la nne, watoto thelathini na wawili. Kila maji yakipwa, wao pwani. Wakahesabu kaa, wakapima madimbwi, wakachora majongoo ya bahari, wakaandika. Sheria ilikuwa moja: jiwe ulilolifunua lifunike, maana ni paa la nyumba ya mtu.

Wazazi wakanung'unika. "Watoto wanakwenda kucheza tu." Mwalimu mkuu, Bi Zuwena, akamwita Mwalimu Chilewa. "Ijumaa wazazi wanakuja kuona madaftari. Wakiridhika, masomo ya pwani yataendelea. Wasiporidhika, mtarudi ubaoni." Watoto waliposikia kurudi ubaoni, wengine walilia kwelikweli.

Basi Alhamisi ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mpaka mbali. Watoto wakaenda kumalizia kazi yao. Walipomaliza kuandika, mwalimu akayakusanya madaftari yote ndani ya beseni ili yasilowe. Akaona fungu la mchanga limeinuka, limekauka. Akaliweka beseni pale, akajisifu.

Ugeni huo! Mtu wa pwani anajua kwamba maji yanapojaa hayaji mbele yakakupigia hodi. Huzunguka nyuma, yakajaza mkondo kwanza, nawe juu ya fungu unajiona mkavu kumbe umekwisha zingirwa.

Mwalimu akagawa kazi. Faki, mwenye shingo nene, alinde beseni. Mize akae ukingoni mwa maji na ufito wake uliotiwa alama, auchomeke mchangani, atazame maji yanavyopanda. Waliobaki, na Saumu mdogo kuliko wote akiwemo, wakaenda mwambani.

Mara mwambani kukazuka kelele. "Pweza! Njooni, anabadilika rangi!"

Faki akasimama. Akakaa. Akasimama tena. Pweza ni pweza, jamani. Akaenda.

Mize naye alisikia, na roho ikamwenda mbio. Lakini hakubanduka. Macho kwenye ufito. Maji yakapita alama ya kwanza, yakapita ya pili, akapiga kelele, "Mwalimu! Maji yanajaa!"

Wote wakageuka. Mkondo umejaa, na beseni liko peke yake ng'ambo, juu ya kipande cha mchanga kinachozidi kupungua. Mwalimu akashika kichwa, kisha akataka kujitosa. Saumu akamvuta shati.

"Usipite hapo, mwalimu, utazama! Mie naijua njia. Kule kuna shamba la mwani la mama. Ukifuata vijiti vyake, maji hayapiti kiuno."

"Nitabeba mie," akasema Faki, machozi yanamlengalenga.

Wakaingia. Saumu mbele, akisema, "Kanyaga ninapokanyaga." Faki nyuma yake. Mwalimu nyuma yao, anateleza kila hatua, yeye mwenyewe alihitaji kubebwa. Faki huteka maji kisimani kila asubuhi, basi akalitia beseni kichwani akarudi nalo bila kulishika. Haikulowa hata karatasi moja.

Ijumaa wazazi wakafunua kurasa. Mama yake Saumu, aliyelima mwani miaka kumi, akasoma habari ya majongoo mara tatu, akauliza, "Kumbe ndiyo yanayousafisha mchanga wetu?" Mwisho walikuwa wakiuliza bamvua nyingine lini.

Bi Zuwena kwa furaha akavua filimbi shingoni mwake. "Aliyeyaokoa madaftari ataivaa hii muhula mzima. Akipuliza, wote mtamfuata pwani, hata mwalimu. Haya, ni nani?"

Wakasimama watatu.

Mize akasema, "Ni mie. Nisingeona, nani angegeuka? Pweza nilimsikia kama nyinyi. Mpaka leo sijamwona."

"Wewe hukulowa hata unyayo!" akasema Faki. "Macho hayabebi beseni. Madaftari yamerudi juu ya kichwa changu."

"Na nani aliyaacha mpaka yakataka kubebwa?" Mize akamrudishia.

Darasa zima likacheka. Faki akangoja wanyamaze. "Nilikosa, nami nimekiri. Lakini kosa langu nimelilipa kwa shingo yangu."

Saumu akasema taratibu, "Bila ya njia yangu, Mize angepiga kelele mpaka jioni, na wewe Faki ungebeba nini?"

"Njia ulikuwa nayo tangu mwanzo," Faki akamgeukia. "Ulimwona mwalimu akiliweka beseni pale. Ulijua. Mbona ulinyamaza?"

Saumu akainamisha kichwa. "Nilijua. Lakini nyumbani nimefunzwa kwamba mtoto hamkosoi mkubwa mbele za watu. Ningeanzaje?"

Bi Zuwena akamtazama Mwalimu Chilewa. Mwalimu akacheka mpaka akafuta machozi. "Mimi msiniulize. Kwenye kesi hii mshtakiwa wa kwanza ni mimi."

Filimbi ikatundikwa msumarini. Jumatatu watoto thelathini na wawili wamejipanga mstari, miguu mitupu, madaftari mkononi. Pweza yuko shimoni mwake. Mstari hauondoki bila filimbi, na maji hayangoji watu wamalize ubishi.

Haya, kazi yenu hiyo. Mize alitazama lakini hakulowa. Saumu aliijua njia lakini alinyamaza. Faki alibeba alichokuwa amekitupa. Filimbi ni moja, na maji ndiyo hayo yanakupwa. Je, mngemvisha nani?