Aliyeketi Nyuma Kushoto

Hapo zamani, na si zile zamani za sungura na fisi bali za juzi tu, palikuwa na mjane wa milimani aitwaye Namkunda. Kijiji chake kiliitwa Mkwijuni. Mumewe, Elisafi, alimwachia binti mmoja na Landrover moja kuukuu, na vyote viwili vilimnyima usingizi.

Binti, Nakiete, alikuwa mjamzito. Mimba yake ya kwanza, baada ya baba yake kuzikwa, iliharibikia barabarani ndani ya Landrover hiyo hiyo, ilivyomrusharusha wakishuka kwenda hospitali ya bondeni. Barabara ya Mkwijuni mnaijua? Kama hamuijui, shukuruni. Ni mawe juu ya mawe, na kulia kwako ni korongo.

Na gari lenyewe lilikuwa na kilema. Liliinama nyuma kushoto. Likipakiwa limeinama, likiwa tupu limeinama.

Namkunda akaliendesha hadi gerejini, akaapa mbele ya watu: "Litengenezeni gari hili. Atakayemfikisha mwanangu hospitali, mtoto akazaliwa hai, huyo ndiye atakayempa mtoto jina."

Mkwijuni jina si mchezo. Anayempa mtoto jina humpakata siku anapotolewa nje, na tangu siku hiyo ni mzazi wake, wa kumwonya na wa kumwoza. Basi wakasimama mafundi wawili.

Wa kwanza Fundi Senzota, mtu wa springi. Alilizunguka gari, akalibonyeza kila pembe. "Mama Nakiete, springi zimechoka hizi. Nitakutilia mabamba mapya, mazito, na moja la nyongeza. Gari litasimama kama askari."

Wa pili Fundi Mrutu, mtu wa shokapu, yale mabomba ya mafuta yanayolizuia gari lisirukeruke. Akacheka mpaka akakohoa. "Springi ngumu kwa mgonjwa? Si bora umpandishe punda! Mama, tia shokapu ndefu, za mafuta mengi. Gari likiingia shimoni lizame polepole, litoke polepole."

"Shokapu bila springi ni suruali bila mkanda," Senzota akasema.

"Na springi bila shokapu ni ngoma ya mdundiko," Mrutu akajibu.

Namkunda akawaambia vita vya panzi ni furaha ya kunguru, basi kila mmoja afunge chake. Wakafunga. Gari likasimama sawasawa, watu wakapiga makofi. Asubuhi likakutwa limeinama nyuma kushoto.

Senzota akafanya kile ambacho kila fundi hufanya akikishuku chuma: springi ya kushoto akaihamishia kulia, ya kulia akaileta kushoto. Kama springi ndiyo mgonjwa, ugonjwa huhama nayo. Gari likainama kushoto. Mrutu naye akahamisha shokapu zake. Kushoto. Senzota alikuwa na tabia ya kupiga mluzi akiwa chini ya gari. Siku hiyo mluzi ulikatika katikati, na hakuurudia.

"Mama," akasema akijifuta mikono, "vyuma ni vizima. Kilichobaki hakifunguliwi kwa spana."

Namkunda akafungua mlango wa nyuma. Mle ndani kulikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana. Sponji ya benchi la kulia ilikuwa imetuna. Ya kushoto ilikuwa imebonyea, kishimo cha mtu aliyeketi. Akapeleka mkono. Palikuwa na joto. Tena palinuka ugoro, ule mkali aliokuwa akinusa Elisafi.

Akaenda kumwita wifi yake, Naelijwa, dada wa marehemu. Naelijwa alichungulia mara moja tu, akashika kichwa.

Mkwijuni, mtu akifia mbali, ndugu humwendea na kumwambia kwa jina lake: panda, twende nyumbani. Na gari likifika uani, kabla jeneza halijaguswa, huambiwa tena kwa jina lake: tumefika, shuka. Elisafi alifia hospitali ya bondeni. Naelijwa mwenyewe ndiye aliyemwambia panda, akarudishwa kwa Landrover hii hii. Lakini walipofika uani mvua ilikuwa ikimwagika, watu wakalikimbiza jeneza ndani, kila mmoja akidhani mwenzake ameshasema.

"Tumezika jeneza," Naelijwa akanong'ona. "Mwenyewe hatukumteremsha. Mwambie ashuke, wifi. Wewe ndiye mkewe."

Namkunda aliogopa. Lakini alifurahi pia, na furaha ikaizidi hofu. "Nikiendesha gari hili huwa naona niko peke yangu, kumbe niko naye," akasema. "Mwache kidogo. Tukirudi na mtoto nitamwambia."

"Wifi, maiti hapewi lifti!"

"Huyu ni mume wangu."

Akaufunga mlango taratibu, asije akamwamsha aliyelala.

Uchungu ukamshika Nakiete kabla ya siku zake, asubuhi ya ukungu mzito. Namkunda akashika usukani. Naelijwa akaketi benchi la kulia, Nakiete akalala hapo hapo, kichwa mapajani mwa shangazi yake. Benchi la kushoto hakuna aliyelikaribia.

Wakafika penye mtaro. Gari likaanguka ndani kwa kishindo, springi zikalia, zikabeba. Zile za zamani zingekatika palepale. Wakafika penye mawe. Shokapu zikameza jiwe, zikameza jiwe, Nakiete akauma kanga yake lakini hakurushwa. Wakafika kwenye kona ya korongo.

Mvua ilikuwa imeila barabara, na ukungu umepafunika palipoliwa. Gurudumu la nyuma kulia likashuka, likaendelea kushuka, chini hakuna kitu. Gari likaanza kulala upande wa korongo. Namkunda alisikia mawe yakianguka, hakuyasikia yakifika. Ndipo nyuma kushoto benchi likalia, kriii, mlio wa mtu mzito anayejisogeza hadi ukutani. Upande wa kushoto ukabonyea. Gari likatulia, likarudi, magurudumu yakashika udongo, likavuka.

Naelijwa alikuwa amekodolea macho benchi la mbele yake, na sponji ilikuwa imeshuka mpaka kwenye mbao.

Mtoto akazaliwa bondeni, wa kiume, mzima, mwenye sauti. Wakamrudisha Mkwijuni kwa njia ndefu ya kuzunguka mlima. Siku ya kumtoa nje ikafika. Landrover ilikuwa uani, imeinama vilevile, na wadai wakaja.

Senzota akasema: "Bila springi zangu mngekwama mtaroni, na mtoto angezaliwa ukunguni. Jina ni langu."

Mrutu akasema: "Bila shokapu zangu mngefika bondeni na maiti, kama safari ile. Jina ni langu."

Naelijwa akasema: "Marehemu hana mdomo, namsemea mimi. Bila kaka yangu, springi zenu na shokapu zenu zingekuwa chini korongoni, na sisi tukiwa ndani. Jina ni lake. Mtoto aitwe Elisafi. Na jina hilo likitamkwa hapa uani, mwenyewe atalisikia na kushuka."

Mrutu akainamisha kichwa, kisha akakiinua. "Nisameheni kwa nitakalosema. Safari ile ya kwanza, nani alikuwa ameketi pale? Nani aliliinamisha gari mpaka likamrusharusha binti? Aliyemwokoa huyu ndiye aliyemuua yule."

Nakiete akajifunika uso kwa kanga.

"Hakujipakia," Naelijwa akasema, na sauti yake ilikuwa ya kulia. "Mimi ndiye niliyempandisha. Sote ndio tuliomsahau."

"Na akishuka?" Senzota akauliza. "Kona ile bado imeliwa. Si kila safari itapata siku ya kuzunguka. Wajawazito wa kijiji hiki wanashuka kwa gari hili. Nani atalishikilia?"

"Kaka yangu si springi ya akiba!"

Namkunda akainuka. Alimchukua mjukuu wake, akaenda naye hadi nyuma ya gari, akafungua mlango. Harufu ya ugoro ikatoka. Mtoto akapiga chafya, kisha akanyamaza, uso wake umeelekea kushoto. Namkunda aliiona sponji ikipanda kidogo, ikasubiri, jinsi mtu anavyojiinua nusu anapodhani ameitwa.

Watu wote walimtazama. Akafungua mdomo.

Hapo mimi nafunga wangu. Kiapo kilikuwa chake, hukumu nimewaletea ninyi. Aliyelibeba gari, aliyelituliza, na aliyekuwa ameketi ndani yake muda wote: je, nani alistahili kumpa mtoto jina? Na ungekuwa wewe ndiye Namkunda, ungemwambia ashuke?