Kitanda cha Bi Somoe

Bi Somoe alikuwa akihamia Mwambakuu, kijiji kilicho ng'ambo ya mchanga unaopitika maji yakipwa tu. Katikati ya mchanga, tajiri Machela, aliyembebea vyombo, alisimamisha lori lake.

"Mimi mtu wa haki, bibi. Niongezee kitanda chako cha samadari juu ya nauli, ama nashusha vyombo vyote hapahapa."

"Kitanda cha ndoa yangu! Shuka basi tupatane, baba. Watu wazima hawapatani midomo mikavu."

Bi Somoe akawasha jiko, akamimina kahawa, akabisha, akalia, akamimina tena. Machela alikunywa vikombe sita.

"Haya, chukua," Bi Somoe akasema mwishowe. "Geuza lori, rudi nacho mjini."

Machela akageuka. Nyuma, maji yalikuwa ya kiuno. Mbele tu ndiko kulikokuwa kukavu.

"Panda, bibi! Twende kwako upesi!"

"Polepole, baba. Wanangu watano wananisubiri wakishushe kitanda. Wasikikute kimevunjika."