Donge la Pasaka na Kamba ya Kisima

Imepokewa kutoka kwa wazee wa imani, nami kila nikiisimulia moyo hunienda mbio, ya kwamba katika monasteri moja ya watawa wa kike jangwani, huko Misri, aliishi mtawa mtakatifu Filomata, maombezi yake yatufae. Kazi yake ilikuwa kukanda mkate wa altare. Nao watawa wale walikuwa na desturi: akandaye huimba zaburi tangu unga unapotiwa maji hadi donge linapofunikwa, asitamke neno jingine. Akikatiza, donge hilo si la altare tena.

Mwaka ule njaa ilibana. Mchana wa mkesha wa Pasaka ulibaki unga wa kukanda mara moja tu. Filomata akakanda, akaimba, wenzake wakiwa kanisani. Mara ukaja ukelele kutoka kisimani nje ya ukuta: "Jamani, mwanangu! Mwanangu katumbukia!"

Mnajua alifanya nini mtakatifu wetu? Alipaza sauti ya zaburi! Naam, alipaza, ili asipotewe na mstari. Yule mama akalia tena, "Ameng'ang'ania ndoo, lakini kamba inaniponyoka!"

Lo! Hapo Filomata akaacha donge, akaacha zaburi, akatoka mbio na unga mpaka viwikoni. Akaidaka kamba, akavuta huku akipiga kelele, "Bwana, isikatike! Bwana, mtoto!" Wakavuta wote wawili, viganja vikachunika, hata kikachomoza kichwa, yakafuata mabega, kisha mtoto mzima, anakohoa maji na kulia. Alilia, ndugu zangu, alilia! Mama yake akamkumbatia, akaanguka naye mchangani.

Basi Filomata akarudi jikoni. Hakuna mtawa aliyemwona akikatiza. Angeweza kulifunika donge na kunyamaza. Lakini alimwendea Mama Mkuu Basilisa, akapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Nimewanyima wenzangu Pasaka. Zaburi nimeikatiza." Akamweleza yote.

Mama Mkuu akamtazama. "Ulipokuwa ukiimba, moyo wako ulikuwa wapi?"

"Kusema kweli, Mama, kwenye donge. Niliogopa lisije likawa gumu."

"Na ulipokuwa ukivuta kamba?"

"Kwa Mungu, Mama. Sikuwa na pa kwenda pengine."

Mama Mkuu akainuka kitini kwa kishindo, ajuza yule wa magoti mabovu! "Basi hukuikatiza sala, binti yangu. Ulikuwa hujaianza! Lilete donge hilo altareni."

Mkate wa Pasaka ile ulikuwa mgumu kwelikweli. Wakautafuna kwa machozi na vicheko, na mtoto yule, aliyekaribishwa ndani pamoja na mama yake, amelala mapajani mwa Filomata.

Ndugu yangu, sala si ukuta wa kujizibia kilio cha mwenzio. Kesho ukipiga magoti, uache mlango wazi, umsikie anayelia kisimani.