Ng'ombe Katika Jumba la Visu

Hapo zamani, katika mji wa Tumbeni, palikuwa na sultani aitwaye Badiri, aliyependa visu kuliko watu. Hakuwinda, hakuchinja, wala hakupata kumenya hata chungwa kwa mkono wake. Lakini kila msafiri aliyepita alivuliwa kisu chake akapewa kingine kibaya zaidi, na jambo hilo Sultani aliliita kubadilishana. Alikuwa na visu vya kukunja vya mfukoni, visu vya kuwindia vyenye ala za ngozi ya nyati, na majambia yenye vipini vya fedha, vyote vimetundikwa katika jumba moja refu lenye mazulia.

Basi ikawa tamaa ikamzidi, akapigisha mbiu kwamba visu vyote vya mji viletwe jumbani achague vilivyo vizuri. Vikaletwa, akavichagua vyote. Kisha mbiu ikapigwa tena: kisu kilichokwisha kuingia jumbani kisitoke, na atakayeonekana na kisu nje atafukuzwa mjini.

Mji ukaanza kula kwa meno. Samaki walipikwa na magamba yao, maboga yakapasuliwa kwa mawe, na mkunga akakata kitovu cha mtoto kwa kigae. Watu walinung'unika, lakini walinung'unikia majumbani mwao.

Mjini humo alikuwako mjane aitwaye Mize, aliyelea wanawe kwa kupika chakula na kukiuza sokoni. Kisu chake kilikuwa kimenolewa hata kikabaki chembamba kama jani la mchaichai, na mpini wake umezungushiwa uzi wa katani. Bila kisu hakuna kitoweo, bila kitoweo hakuna mteja, na watoto hawakuelewa habari za mbiu. Walielewa sufuria tupu. Akaenda kwa Sultani.

"Nashika miguu, bwana mkubwa. Nimefuata kisu changu."

"Kipi?"

"Kile chembamba, chenye katani."

"Hicho nimekiweka upande wa visu vya mafukara. Kikiondoka, ukuta utakuwa na pengo."

"Nyumbani kwangu pengo liko matumboni, bwana."

Waliokuwapo barazani wakainamisha vichwa wasionekane wakicheka. Sultani akaona amejibiwa, akataka kumkomoa.

"Una maneno makali, Mize. Basi kesho yakukatie nyama. Liwali Hamdani anakuja na jambia lake la kipini cha pembe, ambalo nimelitamani siku nyingi. Utatupikia ng'ombe mzima, pilau na kachumbari. Nyama ikatwe vizuri, isiraruliwe. Na amri yangu iko pale pale: kisu kisitoke jumbani. Ukishindwa, utahama mji, wewe na wanao."

"Kisu kisitoke," Mize akarudia, kama mtu anayetumwa dukani. "Na ng'ombe je, bwana? Naye ana amri yake?"

"Ng'ombe mfanye utakavyo."

"Nimesikia."

Kesho yake asubuhi Mize akamwongoza ng'ombe kwa kamba hadi mlango wa jumba la visu.

"Mama, unakwenda wapi na mnyama?" wakauliza walinzi.

"Visu vimekatazwa kutoka. Ng'ombe amekatazwa kuingia?"

Walinzi wakatazamana. Majumbani kwao nao walikuwa wakila magamba. Wakampisha.

Mchinjaji akaitwa, akatungua kisu chake ukutani, na ng'ombe akachinjwa juu ya zulia lililotoka ng'ambo. Mize akajaribu majambia ya fedha juu ya kitunguu: moja likateleza, la pili likapinda, kitunguu kikabaki kizima. Akayarudisha mahali pake kwa adabu, akatungua kile cha katani. Jirani walipoona mlango uko wazi, akaja mvuvi na kapu la samaki, akaja fundi viatu na ngozi yake, akaja mkunga na boga. Kila mmoja akatungua kisu chake, akaketi zuliani akafanya kazi yake, na soga zikawa kubwa kuliko za sokoni.

Sultani akaingia na mgeni wake, na wote wawili wakatokwa na machozi kwa vitunguu.

"Nini hii?" akauliza Sultani.

"Ni amri yako, bwana," akasema Mize bila kuinua macho. "Hakuna kisu kilichotoka."

Sultani akalitazama zulia lake lililolowa damu. Liwali naye alikuwa akitazama mikono ya Mize, jinsi kitunguu kilivyoanguka kwa vipande vyembamba kama ganda lake.

"Badiri," akasema, "hivi vyako ni mapambo ya harusi. Ninakitaka kile cha huyu mama. Nipe hicho, uchukue jambia langu."

Sultani akalisahau zulia papo hapo. "Mize, mpe Liwali kisu."

Mize akakifuta kwa pindo la kaniki yake. "Nampa, bwana. Ila kisu kisitoke. Liwali akikamatwa nacho nje atafukuzwa mjini, na hata chakula hajala."

"Amri hiyo nimeiondoa. Visu vitoke."

"Na watu hawa wamesikia?"

"Wamesikia, mwanamke."

Na kweli walisikia. Mvuvi akainuka na kisu chake na kapu lake, fundi viatu akamfuata, mkunga akaweka boga kichwani, na mchinjaji akatoka akipiga uluzi. Liwali alipogeuka na mkono wake umenyooshwa, Mize alikuwa amekwisha vuka kizingiti, kisu kiunoni.

"Mize, kisu cha Liwali," akasema Sultani.

"Ulisema vitoke, bwana, nacho kimetoka. Liwali akikitaka aje nyumbani tuzungumze, lakini si leo. Leo nina mgeni wako wa kulisha."

Liwali akacheka hata akashika nguzo. "Nimezunguka nchi nyingi nikibadilisha visu," akasema, "sijapata kuona mtu aliyebadilisha ng'ombe mmoja kwa visu vya mji mzima. Badiri, usilirudishe neno lako mbele yangu, litakuaibisha." Akalirudisha jambia lake alani.

Mize mwenyewe akaileta pilau, kwa wakati. Kisu alikwisha kukiacha nyumbani. Nyama ya Liwali ilikuwa imekatwa vizuri; mbele ya Sultani akaweka paja zima, kwa heshima yake. Sultani akachomoa jambia la fedha, likapinda. Akatazama kulia na kushoto kutafuta mwenye kisu, asimwone ila Liwali, naye akalifunika jambia lake kwa mkono. Basi akalishika paja kwa mikono miwili, akaanza kung'ata, na Mize akasimama mlangoni akimngoja amalize, kwa kuwa vyombo vilikuwa bado kuoshwa.