Mlinzi Aliyelishwa Sukari Guru

Paukwa.

Pakawa.

Mmeitika kivivu. Nyie wa huko nyuma mnaotafuna, mezeni kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kale yenyewe ile ya kabla bibi zetu hawajaota meno, Mama Nguchiro alikuwa anasafisha shimo. Nguchiro mnamjua. Mnyama mdogo, mrefu kama soksi, pua mbele, mkia nyuma, kelele katikati. Ukoo wake ulikaa ndani ya kichuguu, kando ya shamba la miwa, karibu na mahali watu wanapochemshia sukari guru.

Alikuwa anatoa nje majani makuukuu waliyolalia watoto. Kwaru, kwaru, kwaru. Viroboto wanaruka, mgongo unauma. Mara, juu ya kichuguu:

"Chiii!"

Ukoo mzima shimoni. Pu, pu, pu, pu. Watoto wake, Tope, Mtama, Sisimizi na yule mdogo Kibonge, wakatumbukia ndani na majani yote aliyokwisha kuyatoa.

Wakangoja. Wakachungulia. Hakuna mwewe. Ni jani la muwa lililopeperuka.

Akaanza upya. Kwaru, kwaru. "Chiii!" Shimoni tena. Safari hii kipepeo.

"Huyu mdogo wangu," akasema Mama Nguchiro, "nitamnyonga kwa mkia wake mwenyewe."

Maana aliyekuwa juu ni Kidevu, mdogo wake wa tumbo moja, mlinzi wa ukoo. Desturi ya nguchiro ni hii: wengine wanapochimbua wadudu, mmoja anasimama juu anatazama mbingu. Akipiga chiii, unaingia shimoni, huulizi. Na kwa kuwa yuko juu na hawezi kuchimba, ukoo unampelekea chakula. Wala si chakula cha kawaida. Wadudu ni wa kila mtu. Mlinzi ni mtu wa heshima, mlinzi hupewa kitamu: ukoko wa sukari guru, unaoibwa kwenye masufuria ya watu. Na aliyekuwa anaupandisha kila asubuhi ni Mama Nguchiro mwenyewe, kichwa juu, polepole, majirani waone.

Sasa Mama Nguchiro akiwa na majani mdomoni, akaja jirani yake Ngiri, mbio, mkia wima.

"Shoga, weka chini hayo majani. Wanamfukuza mdogo wako."

"Akina nani wanamfukuza?"

"Mzee Masharubu na wazee wenzake. Nimewasikia nikigaagaa matopeni. Wanasema Kidevu ana woga wa kurithi. Leo jua likizama, anatolewa ukooni."

"Woga wa kurithi kutoka kwa nani?"

"Hapo ndipo nilipoacha kusikiliza, kwa heshima yako."

Mama Nguchiro akatema majani. Nguchiro peke yake nje usiku ni kitoweo. Mbweha anajua, chatu anajua. Akapanda kichuguu.

"Shikamoo dada," akasema Kidevu, macho juu. "Umeliona lile wingu? Lina makucha."

"Marahaba. Wingu halina makucha. Kaa chini."

"Siwezi kukaa. Nikikaa moyo unapanda. Hebu usikilize."

Akaweka sikio kifuani. Dugu dugu dugu dugu, kama kinu cha mtama na wanawake watatu wanapokezana.

"Umekula nini leo?"

"Ukoko uliouleta."

"Ukawaje?"

"Nikafurahi. Dada, nilifurahi mpaka nikaimba. Nikajiona mimi ndiye simba wa hapa. Halafu furaha ikakatika, pwa, kama kamba. Mikono ikatetemeka. Nikaogopa, na sijui naogopa nini. Nikatafuta cha kuogopa, nikapata kipepeo."

"Halafu?"

"Nikatafuna muwa, nitulie."

"Ukatulia?"

"Kidogo. Kisha hilo wingu."

Mama Nguchiro akakumbuka siku watoto wake walipoingia kwenye pipa la molasi, ule uji mweusi wa miwa. Kwanza walicheka. Kisha waliumana. Kisha Kibonge alilia mpaka jioni, na alipoulizwa analia nini, akasema analia kwa sababu mkia wake utakuja kuzeeka. Siku ile mama mtu alidhani ni meno.

"Kumbe mimi ndiye ninayekutia wazimu kila asubuhi," akasema. Hakulia. Nafasi ya kulia hakuwa nayo, shimo lilikuwa halijaisha. "Shuka. Unakula wadudu."

"Mbele za watu? Watasema nimeshushwa cheo."

"Jioni unafukuzwa, wewe unafikiria cheo."

Kidevu akashuka. Chini wakakutana na Mzee Masharubu, tumbo mbele.

"Mlinzi kashuka. Nani yuko juu?"

"Hakuna, mzee," akasema Mama Nguchiro. "Panda wewe, uwaonyeshe vijana. Na ukoko wa leo umebaki kipande kikubwa, usiharibike."

Macho ya Mzee Masharubu yakang'aa. "Kwa ajili ya ukoo," akasema, na magoti yake mabovu yakapanda kichuguu kama ya mwali.

Kidevu akala. Mbawakawa, kru. Jongoo, kru kru. Yai la kware. Panzi na miguu yao yote.

"Kitamu je?"

"Kitamu kinakuja juu ya chakula. Si badala ya chakula."

Hakupona papo hapo, msidanganyike. Alitetemeka mpaka jua likapinda. Kisha mkono mmoja ukatulia. Kisha wa pili.

"Dada," akasema, "lile wingu ni wingu tu."

Na juu je? Juu, Mzee Masharubu aliimba. Akahutubia. Akatangaza kwamba chui aje, apigwe. Kisha furaha ikakatika. Kisha "Chiii!" Ukoo shimoni. Ni mkia wa Ngiri. "Chiii!" Shimoni. Ni kivuli cha masharubu yake. Wazee wenzake wakaanza kutazamana. Halafu akaangua kilio: hakuna anayempenda, hata marehemu mama mkwe hakumpenda.

"Hilo la mama mkwe ni kweli," akasema mkewe.

Akalia, akachoka, akalala huko huko juu. Khooo, pyuu. Khooo, pyuu.

Jua likaanza kushuka. Wazee wakaja kumchukua Kidevu. Alisimama akiwangoja, akitazama mbingu kwa mazoea. Doa dogo likatoka upande wa jua. Halikuwa jani. Moyo wake ukaruka mara moja, ukarudi mahali pake.

"Chiii!"

Hakuna aliyesogea. Walikuwa wameingia na kutoka tangu asubuhi, hawaiamini tena chiii yoyote.

"Yule mwoga kaanza," akasema mmoja.

Mama Nguchiro hakutazama mbingu. Alitazama mikono ya mdogo wake. Ilikuwa imetulia. Akawaswaga watoto shimoni kwa meno, na ukoo ulipoona yule mama asiyekimbia hovyo anakimbia, nao ukamfuata. Pu, pu, pu, pu.

Kidevu hakuingia. Alipanda juu, akamkamata Mzee Masharubu mkia, akamvuta. Biri, biri, biri, mpaka mlangoni, pu, na yeye juu yake. Makucha yakakwaruza udongo. Kwaaa. Mwewe akaondoka na nyasi mguuni.

Ndani giza, wote wanahema. Mama Nguchiro akaanza kupakua mbawakawa na mayai, huku akiita.

"Tope?"

"Nipo."

"Mtama? Sisimizi? Kibonge?"

"Tupo."

"Kidevu?"

Kabla hajaitika, mzee mmoja akakohoa. "Jua limezama. Tulisema jua likizama..."

"Nani alisema?" akauliza Mzee Masharubu, akijipapasa nundu kichwani. "Mimi sikumbuki. Mimi nilikuwa zamu. Mpeni mlinzi chakula."

"Kidevu?"

"Nipo, dada."

"Mzee Masharubu?"

"Nipo, mama. Ule ukoko umebaki?"

"Maliza jongoo kwanza."

Akamaliza. Wote walikula, na wote walikuwepo.

Basi sikilizeni, wakubwa na wadogo. Si kila hofu inatoka tumboni, zipo zenye mwewe kweli. Lakini mtu akishindia sukari bila chakula, atapanda kwa furaha na kuanguka kwa hofu, na sukari ya kumtuliza itampandisha tena. Kabla hamjamwita mwoga, au mwenye jini, muulizeni amekula nini, mkampikie.

Hadithi yangu imeketi hapo. Sahani zisibaki sakafuni.